Chujio Kwenye Kamba ya Nguo

Palikuwa na mtu ambaye mama yake alikuwa na pumu, na kwa sababu ya pumu hiyo akanunua gari lenye turbo. Mtu huyo aliitwa Kitundu. Alikuwa fundi wa mageti na madirisha ya alumini, mwenye mkono uliotulia, akiishi na mama yake, Bi Elinami, chini ya mlima, katika kijiji cha uwele na alizeti ambako vumbi ni jekundu na kiangazi hakina haraka ya kuondoka. Hospitali iko juu. Barabara ya kwendea huko ni ya udongo, ina kona nyingi, na gari dhaifu likiipanda hushuka gia mpaka mwenda kwa miguu analisalimia na kulipita.

Mwaka mmoja kifua cha Bi Elinami kilibana. Akapandishwa kwa pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili asianguke, na alipofikishwa juu midomo yake ilikuwa imeshabadilika rangi. Kitundu aliyaona hayo kwa macho yake. Tangu siku ile hakutulia mpaka alipopata gari la kuupanda mlima ule bila kusitasita. Turbo, kwa msioijua, ni kifeni kidogo kilichofungiwa ndani ya chuma chenye umbo la konokono. Moshi unaotoka kwenye injini unakizungusha, nacho kinavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani, injini ikapata pumzi nyingi kuliko ile iliyozaliwa nayo. Kitundu alipoelezwa hivyo alielewa upesi kuliko wateja wengine.

Bi Elinami naye alikuwa na desturi yake. Akifagia uwanja, akipepeta uwele, au upepo ukivuma tu, alichukua kanga akajifunga puani na mdomoni, fundo likakaa kisogoni, yakabaki macho. Ilikuwa kanga kuukuu, maandishi yake yamefutika, na ya pili yake alijifunga kiunoni. Majirani walimtania kwamba anakwenda kuiba kuku. Kitundu yeye hakucheka. Alimwonea huruma, akaona kitambaa kile kinamwongezea shida bure, kwa maana mtu ambaye pumzi yake ni ya taabu, unamzibaje pua tena? Alimwambia mara nyingi, "Mama, jifungue upumue." Mama alimjibu kwa mkono, ule mkono wa kufukuza nzi, akaendelea na ufagio wake.

Basi siku moja Kitundu alifungua boneti akalitazama gari kwa jicho la fundi. Akaona mahali hewa inapoingilia. Kulikuwa na boksi la plastiki lenye ea klina, yaani chujio la hewa, ya karatasi ndani yake, na kutoka hapo bomba la raba jembamba, limekunjwakunjwa, linapita huku na huku mpaka kwenye turbo. Akaguna. Akasema moyoni, gari hili nimelinunua kwa ajili ya pumzi, kumbe lenyewe limebanwa pua. Akaamua kulitengenezea njia ya hewa kwa mikono yake.

Alitafuta bomba la alumini pana. Akalikata, akalikunja kwa pembe alizozipima mwenyewe, akachomelea maungio, kisha akalisugua ndani kwa msasa mpaka likawa laini kama sahani, hewa isikwame popote. Viungo alivivika raba za silikoni na kuvikaza kwa klipu. Sensa, kile kifaa cha kupima hewa inayoingia, aliihamishia mahali pake bila kuiumiza. Mdomo wa bomba aliupeleka mbali na joto la injini, nyuma ya taa ya mbele, akaukingia bati. Na mwisho wa yote, mdomoni, akaweka chujio la kitambaa lenye umbo la koni, lile la kufua na kurudisha. Kazi ilikuwa nzuri. Nasema mapema, asije mtu akafikiri mfano huu ni wa fundi mbovu.

Gari likapanda mlima vizuri kuliko mwanzo. Tena likapiga mluzi. Turbo ikivuta hewa kwenye bomba pana hutoa sauti, na sauti ile ilisikika mpaka kijiweni, pale waendesha bodaboda wanapongojea abiria. Mlenga, ambaye ndiye msemaji wa kijiwe kile hata pale asipoulizwa, alisimama juu ya pikipiki yake akapaza sauti, "Wewee! Sikieni chuma hicho! Kitundu, hilo gari au ndege?" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kitundu aliinua mkono mmoja kutoka kwenye usukani, kama mtu asiyejali, na akazunguka kijiji kwa njia ndefu kabla ya kurudi nyumbani.

Lakini chujio la kitambaa lina masharti. Katika vumbi letu linajaa haraka, na likijaa, mluzi unafifia na gari linazubaa. Kwa hiyo Kitundu alilifua kila lilipojaa, kwa maji na sabuni, akalitundika kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, kivulini, likiwa jirani na kanga za mama yake. Halikaushwi kwa moto wala juani, maana huharibika. Unangoja. Na wakati unangoja, gari limekaa. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya nyumba ile, na Kitundu mwenyewe ndiye aliyeiweka: chujio likiwa kwenye kamba, gari haliondoki.

Siku moja chujio liko kwenye kamba, linachuruzika maji, Mlenga akaja mbio. Kuna harusi, msafara umeshajipanga, bwana harusi amesema hatoki mpaka lile gari la mluzi litangulie mbele. Kitundu akamwonyesha kamba kwa kidole. Mlenga akatazama, akasema, "Yaani kaka, watu wote wale wakae juani wakisubiri hicho kisoksi kikauke?" Kitundu akacheka, maana kweli chujio lilifanana na soksi. Akasema, mara moja tu, jioni nalirudisha.

Akaondoka na bomba tupu. Na niwaambie ukweli, gari lilipaa. Halikuwa na kitu cha kulizuia mdomoni. Lilimeza upepo wote uliokuwa mbele yake, na mluzi ukawa mkali mara mbili, watoto wakaziba masikio kwa furaha, akina mama wakapiga vigelegele wakamsahau bibi harusi. Walimuuliza, "Umelifanyaje leo?" Akajibu, "Nimelifungua." Alijisikia vizuri alipolitamka neno lile. Alirudi jioni, chujio limekauka, amechoka. Akaliacha lilale pale.

Kesho yake alikuwa na safari ya haraka. Keshokutwa, mteja. Chujio likabaki kwenye kamba. Kila jioni Bi Elinami alipoanua kanga zake alilianua na lenyewe, akalikung'uta vumbi, akaliweka juu ya kigoda cha mwanawe mlangoni, mahali ambapo hawezi kukaa asilione. Kila asubuhi Kitundu alilikuta, akataka kukaa anywe chai, akalirudisha kwenye kamba lipate upepo. Ikawa hivyo. Mama anaanua, mwana anaanika. Ikafika mahali jirani mmoja akauliza kama kile kitu ni dawa ya kuzuia wezi wa nguo.

Asubuhi moja Kitundu alifungua boneti akakuta mdomo wa bomba umefungwa kipande cha kanga, kimekazwa kwa uzi, fundo zuri la mtu anayejua kufunga. Alilitambua fundo. Akalifungua, akakikunja kipande kile, akampelekea mama yake jikoni. Akamweleza kwa upole kwamba turbo inaweza kukifyonza kitambaa kikaingia ndani kikaleta balaa, na katika hilo alisema kweli. Kisha akaongeza, kwa kumtania, "Mama, gari halivai kanga." Alikwenda kulisimulia kijiweni na kijiwe kikacheka mpaka Mlenga akaegemea ukuta. Kuhusu chujio lililokuwa kwenye kamba, ambalo ndilo lililotengenezwa kwa kazi ile, hakusema kitu, wala mama hakulitaja.

Vumbi likaingia. Kiangazi chote liliingia, chembe kwa chembe, kwenye bomba lile lililosuguliwa kwa ustadi ili lisikwaze chochote. Lilipofika kwenye turbo, yale mapanga madogo ya feni yanazunguka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na kila chembe iliyopita iliparua kidogo. Mluzi ukaanza kubadilika. Ukawa mnene, ukawa wa kulia, mwishowe ukawa kama king'ora cha mbali. Kijiwe kikaupenda zaidi. "Sasa ndiyo inaunguruma," walisema, "sasa imekomaa." Walikuwa wanasifia sauti ya chuma kinacholiwa, na hawakujua. Moshi wa bluu ulipoanza kutoka nyuma, mtu mmoja alisema hata moshi wake ni wa kipekee.

Mtaniuliza, Kitundu alijua? Huyu ni mtu ambaye tangu asubuhi hadi jioni anasugua chuma kwa msasa. Mlio wa chuma kinacholika ndio unaomlisha. Siku moja, akiwa peke yake njiani, hakuna wa kumpungia mkono, aliusikia mlio wa gari lake kwa sikio la fundi badala ya sikio la kijiwe, akautambua. Akapunguza mwendo. Akasikiliza tena. Kisha akawasha redio akaiongeza sauti.

Ikafika siku za kupiga uwele. Ni kazi ya vumbi kuliko zote. Makapi yanapaa, yanaingia hata kwenye maji ya kunywa. Upepo ulivuma adhuhuri, ukalibeba vumbi la viwanja vyote ukalileta nyumbani kwa Bi Elinami. Alikuwa amejifunga kanga yake kama kawaida, lakini siku hiyo vumbi lilikuwa zito mno kwa kifua chake. Kikabana. Akapuliza pampu yake ya pumu, akapuliza tena, hakikufunguka. Alitembea akishika ukuta mpaka karakana, akamgusa mwanawe begani. Kitundu aligeuka, akamwona, akatupa nyundo.

Alimweka kiti cha mbele. Akawasha gari. Haya ndiyo yaliyokuwa makusudi ya gari lile, na siku yake ilikuwa imefika. Walipita kijiweni kwa kasi, king'ora kinalia, na wale waliokuwa pale, wasijue kuna nani ndani, wakapiga makofi.

Kona ya kwanza ya mlima gari lilipanda. Ya pili likapanda, linalia. Kabla ya ile kona ndefu, Kitundu akakanyaga mafuta mpaka chini, mlio ukapanda juu sana, kisha kitu kikapasuka ndani, sauti kavu ya kitu kidogo. Wingu la moshi wa bluu likafunika kioo cha nyuma. Gari likaishiwa nguvu pale pale, likakohoa, likazima. Kitundu alikanyaga breki, akashuka mbio, akatia jiwe nyuma ya tairi. Akafungua boneti, akalegeza klipu, akatia kidole kwenye bomba lake. Feni ilikuwa inachezacheza imelegea, mapanga yamelika, mengine hayapo. Alipotoa kidole kilikuwa chekundu kwa vumbi. Bomba lake lilikuwa zima, halina hata ufa.

Akarudi kwa mama yake. Upepo wa mlimani ulikuwa unatimua vumbi la barabara na kulitupa madirishani. Bi Elinami alikaa wima, mikono magotini, kanga imemfunika pua na mdomo, mabega yanapanda na kushuka. Kitundu alichanganyikiwa. Aliona mtu anayekosa hewa, na aliona kitambaa. Akanyoosha mkono haraka aifungue ile kanga, apumue. Mama akamkamata kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo Kitundu hakujua kama bado anazo. Akasema, neno moja moja, akivuta pumzi katikati:

"Mwanangu, siku zote ulidhani hii ndiyo inayonibana?"

Kitundu alikaa chini barabarani, kando ya mlango ulio wazi, ameshika mkono wa mama yake, akisikiliza kifua kile kinavyovuta na kukataa, na alilia bila kujificha.

Lori likaja kutoka chini, lori la kinu cha alizeti, limejaa magunia, linatambaa. Lilikuwa kuukuu, lisilosifiwa na mtu. Dereva wake kila asubuhi hutoa ea klina akaigongagonga kwenye tairi mpaka vumbi liishe, akairudisha, akaondoka, na hakuna aliyewahi kusimama kumtazama. Dereva alisimama, akauliza, "Mgonjwa?" Akafungua mlango. Kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu mbele. Wakampandisha Bi Elinami. Kitundu akashika kamba za turubai apande juu ya magunia, ndipo mkono wa mama ukatoka dirishani, umeshika kanga ya pili, ile ya kiunoni. Kitundu akaipokea.

Akakaa juu ya magunia. Lori likapanda kwa mwendo wake, mwenda kwa miguu mmoja akawasalimia na kuwapita. Vumbi lilikuwa jingi kule juu, la barabara na la magunia, na pumzi ya kwanza ilimkaba. Akajifunga kanga puani na mdomoni, akatia fundo kisogoni kama alivyoona likitiwa miaka yote. Akavuta. Hewa ikaja. Ilikuja polepole, ina harufu ya sabuni ya mama yake, lakini ilikuja, na ilimtosha mpaka juu.

Najua mnachongoja. Mnangoja niwaambie mama alikufa, ndipo mshtuke, mwende nyumbani mkanunue machujio. Hakufa. Madaktari walimwekea hewa, kifua kikafunguka, akarudi nyumbani na ufagio wake. Kitundu naye alivuta gari lake, akalitia turbo nyingine, akarudisha bomba lile lile zuri, na mdomoni akaweka chujio. Akalifua kwa wakati. Likiwa kwenye kamba, gari lilikaa. Mluzi ukawa mdogo, kijiwe kikatafuta kitu kingine cha kushangilia. Kwa kila namna gari lilikuwa limepona.

Mwaka uliofuata, msimu wa uwele, kifua cha Bi Elinami kikabana tena. Kitundu alikuwa karakana. Alisikia watu wanapita uwanjani, akatoka, akaona lori la kinu limesimama mbele ya nyumba na mama yake anashikwa mkono kupandishwa. Alikuwa amemtuma jirani akaliite. Kitundu alikimbia mpaka pale, funguo mkononi, akasema, "Mama, gari lipo. Gari ni zima, mama." Bi Elinami alimtazama juu ya kanga yake. Hakukuwa na hasira katika macho yale, na hilo ndilo lililomuumiza Kitundu. Alimpigapiga mkono, ule wenye funguo, kwa upendo kabisa, kisha akapanda lori. Kifua kilichobana hakina nafasi ya kujaribu.

Kitundu alisimama uwanjani mpaka vumbi la lori likatua. Kisha akaingia ndani, akakaa kwenye kile kigoda mlangoni.

Ninyi mlionisikiliza ni watu wazima, na sitawaeleza bomba ni nini, wala mluzi, wala kijiwe. Nawauliza hili moja tu: kile ulichokitoa siku ile ukasema mara moja tu, jioni nakirudisha, mpaka leo kiko wapi?